CV yangu, mdhamini wa mtu mwingine

Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Kuna steshenari moja maeneo ya Jamatini, hapa Dodoma, jina nalihifadhi, ukipita utaijua kwa foleni ya vijana wenye bahasha za kaki. Bango lao linajisifu kwamba wanaandika CV za kuitwa kwenye usaili. Shilingi 10,000, pamoja na barua ya maombi na kukutumia maombi kwenye Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali.

Kwenye kuskani sina neno nao. Vyeti vyangu vyenye muhuri wa wakili vilitoka safi, na barua ya kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira haikuwa na kosa hata la nukta. Shida ni hiyo CV yenyewe.

Mimi nimesomea kilimo. Mazoezi kwa vitendo nimefanyia Hombolo kwa wakulima wa zabibu: nimepogoa, nimepiga dawa ya ubwiri unga, nimekaa na wakulima tukitafuta kwa nini mavuno ya kipindi cha mvua yanaharibika kuliko ya kiangazi. Haya yote nilimwandikia mwenye duka kwa mkono, kwenye karatasi. Printa inatema ukurasa wa kwanza, nakuta: "Mchapakazi, mwenye uzoefu wa kuhudumia wateja dirishani." Dirisha gani? La shambani? Hombolo yote imebaki mstari mmoja, "mazoezi kwa vitendo, Dodoma". Sasa mtu mwenye lundo la CV mezani atajuaje kwamba mimi nimeshika mkasi wa kupogolea na mwenzangu hajawahi kuuona?

Lakini kilichonipandisha mori ni wadhamini. Matangazo ya kazi za serikali yanataka wadhamini watatu wa kuaminika, na mawasiliano yao. Nilitoa watatu. Bwana shamba aliyenisimamia hayumo. Mahali pake kakaa meneja wa benki wa Mwanza ambaye sijawahi hata kumsikia. Nikapiga ile namba palepale, nikaweka spika. Shikamoo, marahaba, nikajieleza. Baba wa watu akashusha pumzi: "Na wewe wa Dodoma? Mwanangu, mimi napigiwa simu na waajiri naulizwa habari za watoto nisiowajua. Nimewakosea nini huko?"

Duka zima kimya. Mwenye duka hata macho hakuinua kwenye simu yake. "Mdogo wangu, hao hawasomagi mpaka huko nyuma. Wenzako wanachukua hiyohiyo na kazi wanapata." Nikamwambia, kaka, mdhamini ndiye anayeulizwa habari zangu nisipokuwepo, wewe unanipa wa kusema hanijui? Nirudishie hela yangu. "Wino umeshatumika."

Wino!

Ningeondoka saa hiyo ningewapa nyota sifuri. Ila bosi alipotoka kwenda kula, binti wa kwenye kompyuta akanivutia kiti, akafuta kila kitu tukaanza upya. Akauliza ambayo bosi wake hakuuliza: shamba lilikuwa eka ngapi, ulihudumia wakulima wangapi, kipi kilibadilika ulipokuwepo. Hombolo ikapanda juu kabisa, mistari minne iliyoshiba. "Mchapakazi" akaenda zake na dirisha lake. Bwana shamba akarudi, na kabla ya kuandika namba yake binti akaniambia nimpigie kwanza, kuhakikisha inapatikana na kumwambia naomba kazi gani. Kurasa mbili, basi. Nimeisoma hiyo CV nikatamani kujiajiri mwenyewe.

Kwa hiyo siwezi kusema duka ni baya. Kuskani na kutuma, nendeni, bei haiumi. CV, ulizia kwanza kama binti yupo. Ukimkuta bosi peke yake mpe akutolee kopi, tena simama umwangalie. Nyota tatu, basi. Ila nikimfikiria yule baba wa Mwanza, na vijana waliotuma maombi na jina lake wakawa wanasubiri kuitwa mpaka leo wakidhani ni mkosi, nashusha hadi mbili. Na ile ya wino? Moja, na hiyo ni ya binti.

Bosi, kama unasoma hapa: elfu kumi yangu naidai, na daladala yangu inashushia hapohapo mlangoni kwako.