TAHADHARI: Wanaouza "kuongeza CC" kwa IST, Vitz na Passo hapa Arusha na Moshi

Wakuu, kuna tangazo la kuongeza ukubwa wa injini za hizi Toyota linazunguka kwenye magrupu ya magari: "Tunaongeza CC. 1300 inakuwa 1500, 1000 inakuwa 1300, injini ni ile ile, siku mbili unachukua gari." Nusu ya hela wanaitaka kabla ya kufungua boneti. Msitume. Kazi wanayoitangaza haiwezekani kwa njia wanayoitaja, na hesabu yake unaifanya mwenyewe kwa simu.

CC ni ukubwa wa injini, na unatokana na upana wa silinda, mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, na idadi ya silinda. Chukua upana kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha kwa mwendo, kisha kwa idadi ya silinda, ugawe kwa 1000. Injini ya 1300 iliyomo kwenye IST na Vitz nyingi ni 2NZ-FE: upana mm 75, mwendo mm 73.5, silinda nne. Inatoka cc 1298. Ile ya 1500, 1NZ-FE, ina upana huo huo wa mm 75, ila mwendo ni mm 84.7. Inatoka cc 1496. Mmeona? Tofauti yote ya 1300 na 1500 iko kwenye krenki, ile shafti inayopandisha na kushusha pistoni. Silinda hazijapanuka hata kidogo.

Sasa hawa wanasema wanachonga silinda. Ukichonga na kuweka pistoni za ovasaizi 0.50, yaani pana zaidi kwa mm 0.50, unafika cc 1316. Ukienda hadi 1.00 unafika 1333. Hizo ni cc 35 za nyongeza, nguvu isiyofika farasi 3, na mguu wako kwenye mafuta hautaihisi. Ili ufike 1500 kwa kuchonga tu, silinda ingetakiwa iwe na upana wa mm 80.5. Bloku hii ni ya aluminiamu, slivu zake za chuma (kuta za ndani za silinda) ni nyembamba, na kati ya silinda na silinda kuna mm 8 tu. Zingebaki mm 2.5, na gasketi ya hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, ikae hapo hapo izuie moto. Haikai. Passo na Vitz za 1KR-FE ndiyo kabisa: silinda tatu, upana mm 71, mwendo mm 83.9, cc 996. Kuifikisha 1300 kwa kuchonga kunataka upana wa mm 81. Hakuna chuma cha kutosha humo.

Ukiwabana wanageuza maneno: "Basi tunaweka krenki ya 1500." Weka krenki hiyo kwenye bloku ya 1300 ukabakiza konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na pistoni za mwanzo, kila pistoni itapanda mm 5.6 zaidi ya ilivyokuwa. Itagonga hedi siku ya kwanza. Hata ukitafuta pistoni fupi ili isigonge, ukibaki na chumba kile kile cha moto, mgandamizo, yaani kiasi hewa inavyobanwa kwenye silinda, unatoka 10.5 kwa 1 na kukaribia 12 kwa 1. Kwa petroli yetu ya kawaida injini inaanza kunoki (kugonga kwa ndani) kwenye kila mlima, na kunoki ndiko kunakovunja kingo za pistoni na ringi.

Wanachofanya kweli ni kingine. Wanabadilisha plagi na filta ya hewa, wanasafisha throto (mlango wa hewa ya injini), wanachomoa betri ili kontroli boksi, kompyuta ya injini, ianze upya. Gari linakuwa jepesi kwa wiki moja. Wengine wanaskimu hedi (wanasaga uso wake) kupita kiasi ili mgandamizo upande, na hapo mwenye gari anaona kweli "limeamka". Halafu wanaleta geji ya kompresheni kama ushahidi. Hapa muwe macho sana: ukimwaga oili kidogo kwenye tundu la plagi kabla ya kupima, geji inapanda, kwa sababu oili inaziba pengo la ringi. Wanapima kavu kabla ya kazi, wanapima na oili baada ya kazi. Tena geji hiyo haipimi cc hata siku moja. Inapima mgandamizo.

Kipimo kisichodanganya ni hiki, na hakihitaji kufungua hedi. Toa plagi zote, weka gia huru, chomoa betri. Tumbukiza fito ya plastiki iliyonyooka, ya kama sm 30, kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza. Usitumie bisibisi, inakwaruza. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, taratibu, upande inakozunguka kawaida. Fito ikifika juu kabisa weka alama, ikifika chini kabisa weka alama nyingine, kisha pima kati ya alama kwa rula. Ukipata mm 73 na kitu, hiyo ni 1300, awe amechonga au hajachonga. Ya 1500 itakupa karibu mm 85. Tofauti ya sentimita moja na zaidi mtu yeyote anaiona.

Tunajua kwa nini watu wanashawishika. Arusha mjini ni kama mita 1400 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Tanga kwa asilimia 13 hadi 15. Injini ya 1300 hapa inavuta kama ya 1100, na ukibeba watu wanne kwenda Marangu au kupanda ule mlima wa Mto wa Mbu, unaumia. Lakini kabla ya kuwaza cc, kagua masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi kwenye bomba. Yakiziba, gari halivuti hata ubadilishe nini.

Ukitaka 1500 kwelikweli, ni injini nzima ya 1NZ-FE, pamoja na nyaya na kontroli boksi yake. Kontroli boksi ya 1300 imepangiwa sindano na hewa ya 1300. Mafuta yataongezeka, na gia boksi iliyochoka haitapona kwa kupewa nguvu zaidi. Namba ya injini na cc vimeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko hayo yapelekwe TRA, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi akilinganisha namba atakukimbia. Piga hesabu yote hiyo, halafu uliza bei ya kubadilishana na IST yenye chesisi ya NCP61, ambayo imetoka kiwandani na 1500. Mara nyingi hiyo ndiyo nafuu.

Kwa aliyekwisha kufanyiwa: angalia kifuniko cha oili kama kina povu la rangi ya maziwa, angalia maji kama yanapungua bila kuvuja nje, sikiliza kunoki ukipanda mlima kwa gia kubwa. Ukiona povu au maji yanapotea, usiendelee kuendesha huku unaongeza maji. Yakiingia kwenye oili, beringi za krenki zinaliwa. Livute kwa kamba. Na dai pistoni zako za zamani. Fundi aliyebadilisha kweli atakuwa nazo.