Hadubini ya Olympus CX23 kwa patholojia ya kinywa: inapofaa na inapopwaya

Wanafunzi wengi wa udaktari wa meno huichoka patholojia ya kinywa, yaani uchunguzi wa magonjwa ya kinywa kwa hadubini, kabla hawajaijua. Wanaona pinki na zambarau tu, rangi zilizotiwa kwenye slaidi, wanakariri picha za kitabu, wakishafaulu mtihani wanakimbilia upasuaji au kunyoosha meno. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya uchovu huo huanzia kwenye hadubini mbovu: taa ya njano, lenzi yenye ukungu, skrubu iliyolegea. Kwa hiyo CX23 tumeipima kwa swali moja: je, anayeanza ataona kinachotakiwa kuonekana?

Ataona. Weka slaidi ya ameloblastoma, uvimbe wa taya. Kwa lenzi ya 4x utapata visiwa vya seli vilivyotapakaa. Panda hadi 40x, tazama ukingo wa kisiwa kimoja: seli ndefu zimejipanga kama fito za ua, viini vyake vimesogea kuelekea ndani ya kisiwa, na upande wa nje pamebaki uwazi mweupe. Katikati seli zimeachana, zina mikono kama nyota. Taa ya LED ni nyeupe, kwa hiyo pinki inabaki pinki. Akishauona mpangilio huo kwa macho yake, mwanafunzi ataelewa kwa nini vivimbe viwili vinavyofanana kwenye eksirei vinaweza kutibiwa tofauti kabisa: kimoja kikatolewa chenyewe tu, kingine kikaondoka na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima. Anayetoa uamuzi huo ni mtu wa hadubini, na kazi hiyo inahitaji watu.

Kuna jambo jingine tunalolipenda. Lenzi za jicho ni 10x zenye namba ya uwanja 20, yaani upana wa duara la picha kwa milimita kabla ya kugawanywa. Gawanya 20 kwa ukubwa wa lenzi ya chini: kwa 4x unaona upana wa milimita 5, kwa 40x milimita 0.5. Katika saratani ya kinywa, kina cha kupenya kikizidi milimita 5, uvimbe mdogo hupanda kutoka T1 hadi T2, yaani kutoka daraja la kwanza hadi la pili la ukubwa wa uvimbe. Uwanja wa 4x basi ni rula ya kujifunzia. Kwa ripoti halisi tumia mikromita, kioo chenye vipimo vidogo vilivyochorwa.

Kabla ya kuangalia, sogeza mirija ya macho mpaka uone duara moja badala ya mawili. Lenga kwa jicho lisilo na pete ya marekebisho, kisha rekebisha jicho la pili kwa pete. Fungua kiwambo cha kondensa (lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga) kulingana na lenzi unayotumia. Ukikifunga sana, kila seli inapata mstari mweusi pembeni, na anayeanza huudhania ni ugonjwa.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni slaidi iliyowekwa juu chini. Kwa 10x itaonekana vizuri, ila 40x itagoma, kwa sababu lenzi hiyo hulenga kwa umbali wa milimita 0.6 tu na kioo cha slaidi kina unene wa milimita 1 hivi. Ukilazimisha skrubu utapasua kioo. La pili ni mafuta yanayowekwa kwa ajili ya lenzi ya 100x kugusa ya 40x wakati wa kuzungusha lenzi. Picha inakuwa na ukungu, na wengi hulaumu slaidi. Futa mara moja kwa karatasi ya lenzi, usitumie pamba wala pindo la koti.

Kasoro yake kubwa ni seti ya lenzi: 4x, 10x, 40x na 100x, matundu manne basi. Ya 100x inafaa kwa malaria na bakteria. Tishu za kinywa haziihitaji sana. Pengo liko kwenye 20x, ambayo mtaalamu huitumia kutwa nzima. Toleo la macho mawili pia halina mlango wa kamera, kwa hiyo mwalimu hawezi kuonyesha darasa zima kwa pamoja.

Kama chuo kinanunua kwa ajili ya patholojia pekee, kimwombe muuzaji afunge 20x mahali pa 100x kabla ya kulipa.