Dynamic mapping ya Elasticsearch: tamu ya kuanzia mradi, ila usiende nayo laivu

Wakuu, kwa mnaojenga seva za maduka ya mtandaoni mkataka serchi ya maana, hii dynamic mapping ya Elasticsearch (programu ya kuhifadhi na kutafuta data) ni ile unaitupia data tu bila kuandika skima (mpango wa fildi na aina zake), yenyewe inaangalia kilichoingia inapanga aina za fildi. Kwa kuanzia mradi naipa nyota 4 kati ya 5, kwa laivu 2.

Unarusha JSON ya bidhaa, indeksi (pale data inapokaa ili itafutwe) inazaliwa hapo hapo. Namba kamili inakua long, yenye desimali float, na maneno yanawekwa mara mbili: text kwa kutafuta neno ndani ya maelezo, keyword kwa kuchuja na kupanga (keyword inaishia herufi 256, likizidi haliingii). Hii ya mara mbili naipenda sana maana mwanzoni nani anajua atachuja kwa fildi ipi? Alafu namba ya simu ukiituma kama stringi inabaki stringi, ile 0 ya mbele haipotei.

Sasa shida, anayeamua aina ya fildi ni dokyumenti ya kwanza (dokyumenti ni rekodi moja, mfano bidhaa moja). Chukua bei. Bidhaa ya kwanza ina 15000, basi bei ishakua long. Ikija nyingine ya 1250.75 haigomi wala haisemi kitu, inakata desimali inaindeksi 1250, na ukiifungua dokyumenti unaona 1250.75 vile vile ulivyotuma kwa sababu _source (nakala ya ulichotuma) haiguswi, kwa hiyo unabaki unashangaa mbona vichujio vya bei haviendani na kinachoonekana kwenye skrini.

Tarehe zenyewe zinagoma kabisa. Fildi ikianza na 2024-03-01 inahesabiwa date, akija muuzaji akajaza "bado haijafika" dokyumenti nzima inakataliwa. Na kama unatuma kwa mafungu kwa _bulk, jibu linarudi 200 (yaani sawa) kama kawaida, lazima usome errors mle ndani, la sivyo utajua zimeingia zote kumbe wapi. Na fildi ikishapewa aina ndo imetoka hiyo, haibadilishwi, unafungua indeksi mpya unahamisha kila kitu kwa _reindex.

Kinachoniuma zaidi ni Kiswahili. Imekuja na vichambuzi vya lugha kibao (vinavyoandaa maneno ya lugha husika ili yatafutike), mpaka Kibaski na Kigalisia vimo, sisi hatumo. Skima ya kujiotea inaweka kichambuzi cha standard, ambacho kinatenganisha maneno na kuyaweka herufi ndogo tu, kwa hiyo mteja akiandika "kitabu" bidhaa yenye "vitabu" haimjii. Hata ukiweka kichambuzi cha Kiingereza hakisaidii, kile kinakata mwisho wa neno wakati sisi tunabadilisha mwanzo. Itabidi utengeneze orodha ya visawe mwenyewe, umwambie kitabu na vitabu ni kitu kimoja, kiatu na viatu, hivyo hivyo mpaka uchoke, na ni kazi inayostahili kabisa kwa sababu wateja wetu ndo wanavyotafuta.

Iache ikisie kwenye kompyuta yako, ila kwa data halisi sio za kutunga. Alafu vuta ilichopanga kwa GET _mapping, bei ipeleke scaled_float yenye scaling_factor 100 (inazidisha bei kwa 100 na kuihifadhi kama namba kamili, desimali mbili hazipotei), toa keyword kwenye maelezo marefu, weka dynamic iwe strict, ndo upandishe. Fildi ngeni ikija hapo inarudisha era saa hiyo hiyo na jina lake unaliona.