BuzzerBeater na kazi ya kuchagua shambulizi: tathmini ya meneja kutoka Tanga

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa ninasimamia timu ya mpira wa kikapu ambayo jirani zangu wa Ngamiani hawajapata kuiona, kwa sababu makao yake ni simu yangu. Timu hiyo imo ndani ya BuzzerBeater, mchezo wa intaneti ambamo hakuna anayebonyeza kitufe ili mchezaji arushe mpira. Meneja husajili, hupanga mazoezi na kikosi, huchagua mbinu, kisha mechi hujiendesha na yeye huifuatilia kwa maelezo ya maandishi. Soko la wachezaji, tiketi na mishahara vina utamu wake, lakini tathmini hii nimeikusudia kwa jambo moja ninaloliona kuwa roho ya mchezo huu, nalo ni uchaguzi wa mbinu ya kushambulia.

Anayechagua mbinu huwa anajibu maswali mawili kwa wakati mmoja: mpira urushwe kutoka wapi, na timu iende kwa mwendo gani. Mbinu ya Low Post hupeleka mpira chini ya kikapu kwa mwendo wa pole, na Look Inside hutafuta huko huko ndani bila kusubiri sana. Motion hutegemea warushaji wa mbali, Run and Gun hufanya hivyo kwa mbio, na Princeton huwatafuta warushaji hao hao kwa subira. Zipo pia zisizoegemea upande wowote, ambazo meneja mgeni ana usalama zaidi akianza nazo. Maagizo hutolewa kabla ya mechi, na filimbi ikishalia meneja hana tena nafasi ya kubadili shambulizi, kama vile mcheza bao asivyoweza kuzirudisha mkononi kete alizokwisha kuzitandaza.

Msimu wangu wa kwanza niliuendesha wote kwa Run and Gun, kwa kuwa ndio mpira ninaoupenda kuutazama. Niliamini kwamba magadi wawili, yaani wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, wenye stadi nzuri ya kurusha kutoka mbali wananitosha, nikafungwa mechi baada ya mechi bila kuelewa kilichonisibu. Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, kijana wa sekondari anayecheza kikapu cha kweli shuleni kwao, ambaye jioni moja aliichukua simu, akaisoma ripoti ya mechi kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mjomba, hawa unawakimbiza bure. Hakuna anayewapa mpira wakiwa peke yao.”

Maneno yake yalikuwa yameandikwa kwenye ripoti, ila mimi sikuwa nikisoma zaidi ya matokeo. Baada ya kila mechi BuzzerBeater huipima timu katika mambo sita: ufungaji wa nje, ulinzi wa nje, ufungaji wa ndani, ulinzi wa ndani, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu), na mtiririko wa mashambulizi. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kikiniangusha. Mtiririko hujengwa na stadi za kutoa pasi na kuumiliki mpira, na timu yenye mtiririko dhaifu huishia kurusha mipira migumu mbele ya mikono ya walinzi, hata kama warushaji wake ni hodari. Ripoti huonyesha pia pointi zilizopatikana kwa kila mitupo 100 katika kila nafasi, na hapo niligundua kwamba fowadi wangu mkubwa, yule anayecheza karibu na kikapu, ambaye hakuwa akipewa mpira, alikuwa akifunga kwa ufanisi kuliko gadi niliyekuwa nikimtegemea.

Hapa naomba niwatahadharishe Watanzania wenzangu. Tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili, na Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, wengi wetu tukisikia habari ya kushambulia kutoka ndani tunawaza kwanza urefu wa senta, mchezaji anayesimama chini ya kikapu. Katika mchezo huu kuzuia mitupo ni stadi moja na kufunga kutoka ndani ni stadi nyingine kabisa, na mchezaji mrefu anaweza kuwa ngome nyuma huku mbele akiwa hana msaada. Nilipohamia Low Post sikuangalia kimo; niliangalia stadi ya kufunga kutoka ndani kwa senta na mafowadi wote wawili.

Ushindi ulikuja, na baada yake ukaja ugumu ulionifanya niupende mchezo huu kwa dhati. Matokeo na mbinu za mechi zilizopita ziko wazi kwa kila meneja, hivyo wapinzani walipoona kwamba ninaingia ndani kila wiki, walianza kuniwekea ulinzi wa kanda wa 2-3, yaani walinzi wawili mbele na watatu nyuma, ambao huziba eneo la chini ya kikapu na kuacha upenyo kwa nje. Tangu hapo nimelazimika kuwa na njia ya pili, hata kama ni ya kutumia mara chache, ili anayejiandaa kunikabili asiwe na uhakika.

Kuhusu mwendo, ushauri wangu ni kwamba anayekutana na timu bora kuliko yake apunguze kasi. Kadiri timu zinavyopata zamu nyingi za kushambulia, ndivyo ubora wa aliye bora unavyopata muda wa kujidhihirisha. Zamu zikiwa chache, bahati ya robo moja inaweza kuamua mechi nzima. Mbinu ya Princeton imepewa jina la chuo kikuu cha Marekani ambacho, chini ya kocha Pete Carril, kiliitoa UCLA, chuo kikuu kingine kilichokuwa bingwa mtetezi wa mashindano ya kikapu ya vyuo, kwa pointi 43 kwa 41 mwaka 1996. Mimi sina warushaji wa kuniwezesha kuicheza, lakini Low Post nayo ni ya mwendo wa pole, na imeniletea ushindi wa ugenini ambao sikuutarajia.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mchezo hauonyeshi hesabu zake za ndani, kwa hiyo mgeni anahitaji subira ya wiki nyingi kabla ya kuzielewa ripoti. Kwa upande wa gharama sina lawama: kuingia ni bure, na maandishi hayamalizi bando. Wiki hii tunakutana na timu inayoongoza kundi letu, yenye senta asiyepitika. Mpwa wangu anashauri tujaribu Motion, nami nimekwisha kumwingiza kikosini gadi mpya mwenye pasi nzuri ili tuone mtiririko utapanda kiasi gani.