Bwawa la Mindu kwa siku moja kutoka Dar: nenda na treni ya alfajiri

Mkazi wa Dar anayetaka kuona maji yaliyozungukwa na milima, kisha arudi kulala kwake Tabata au Mbagala siku hiyohiyo, chaguo lake la maana ni Mindu, Morogoro. Ngosi ya Mbeya na Chala ya Kilimanjaro ni maziwa ya asili na mazuri kweli, lakini yako mbali mno kwa safari ya siku moja. Mindu ni bwawa lililotengenezwa na watu kwa kuziba Mto Ngerengere. Hata hivyo, ukisimama kando ya barabara ya Iringa asubuhi, Milima ya Uluguru imejipanga ng'ambo ya maji, na huo mji wanaouita kasoro bahari unaonekana haujakosa sana.

Usipande basi. Kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190 tu, ila malori ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze hula nusu ya siku yako. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, hutumia muda usiofika saa mbili. Nauli ya treni ya kawaida ilianza 2024 kwa shilingi 13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, walio chini ya miaka 4 bure. Hakikisha ratiba na nauli ya sasa kabla ya kukata, na uwe na kitambulisho. Kata ya kwenda na kurudi kwa pamoja: kosa la wengi ni kukata ya kwenda peke yake, halafu Jumapili jioni viti vya kurudi Dar vimekwisha.

Mtego wa pili ni jiografia. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, upande wa barabara ya Dodoma, na Mindu iko barabara ya Iringa. Njia hizo hukutana Msamvu. Kwa hiyo ukishuka, chukua bajaji hadi Msamvu, tumia choo cha stendi hapohapo, kisha panda daladala la kuelekea Mzumbe na umwambie konda akushushe Mindu. Usianze kwa kuingia mjini. Utapoteza asubuhi, na asubuhi ndiyo safari yenyewe.

Lenga kuwa bwawani kabla ya saa 4. Uluguru hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Jua likipanda, hewa hiyo hupanda mlima na kugeuka mawingu, na vilele vinavyozidi mita 2,600 hupotea kabisa. Anayefika saa 7 mchana huona maji yanayong'aa na ukuta wa kijivu, akarudi akisema Mindu haina kitu. Msimu nao una uzito: Juni na Julai, masika yakiwa yamepita, maji yamejaa na hewa ni ya ubaridi. Aprili mito hushusha udongo wa milimani na maji huwa ya kahawia. Oktoba na Novemba maji hurudi nyuma, ukabaki unatazama tope.

Hapa si bustani ya starehe. Maji haya ndiyo yanayoingia kwenye mabomba ya Morogoro, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa chanzo cha maji. Usichome nyama, usioshe gari, usiache hata kifuniko cha chupa. Usipande tuta la bwawa bila kumuuliza mlinzi. Kuogelea hapana: kwenye majani ya ukingoni hukaa konokono wa kichocho, na kuhusu viboko waulize wavuvi kabla ya kusogea. Mtumbwi usio na jaketi la kujiokolea usiuingie, hata ukiambiwa ni dakika tano.

Beba kofia na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Usitegemee kivuli wala duka.

Mandhari, nyota nne kati ya tano. Huduma, moja.

Treni ya kurudi ikiwa saa 11 jioni, ondoka bwawani saa 6 mchana. Kula mjini, pitia Soko Kuu la Chifu Kingalu kwa ndizi na viungo vya Uluguru, na saa 9 na nusu uwe tayari kwenye bajaji ya Kihonda, maana stesheni ina ukaguzi wa mizigo na treni haisubiri mtu.