Betri Iliyoambiwa Imekufa: Uzoefu Wangu na Karakana Moja ya Pikipiki Mombasa

Si desturi yangu kuandika malalamiko, na huenda nisingeyaandika haya kama yule fundi angenijibu kwa adabu. Fedha hutoka zikarudi, lakini neno lake bado limenikaa kooni.

Maradhi ya pikipiki yangu yalianza pale mvua za masika zilipokuwa zikielekea kukatika. Nilikuwa narudi kutoka Likoni, na feri ilipofika upande wa kisiwani na mlango wake kuteremshwa, nikabonyeza kitufe cha stata. Ikasikika “tak!” moja chini ya kiti, kisha kimya. Nikabonyeza tena, ikawa “tak!” ileile. Nyuma yangu magari yalikuwa yakipiga honi, na abiria wa miguu wakinipita huku na huku kama maji yanavyolipita jiwe, nami nikaisukuma pikipiki hadi juu. Anayekijua kile kilima cha kutokea ferini hahitaji kusimuliwa zaidi. Kiki ipo, naam, lakini goti langu la kulia liliumia zamani, na ni kwa ajili ya kile kitufe niliikubali bei ya pikipiki hii.

Jioni yake niliigundua dalili moja. Niliisimamisha karibu na ukuta, nikakanyaga breki na kubonyeza stata kwa pamoja, na taa nyekundu ya nyuma ikabaki iking’aa ukutani bila kufifia hata kidogo. Honi nayo ililia kwa sauti yake yote. Betri iliyochoka haiwi hivyo, kwa maana ukiidai nguvu za kuzungusha injini, taa hunywea na honi hukoroma. Mimi si fundi, ni karani tu, lakini jambo hilo niliona linastahili kusemwa.

Nililisema karakanani. Yule fundi, ambaye hata shikamoo hakunipa nilipoingia, alibonyeza mara moja, akasikia “tak”, akatoa hukumu: “Betri imekufa hiyo.” Nikamwomba kwa upole aipime kwanza kwa mita. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akasema mbele ya wateja na wanagenzi wake: “Mzee, kama wewe ndiye fundi, mbona hukuitengeneza kwako?” Wanagenzi wakacheka. Nina wajukuu wanaokaribia umri wao.

Nikalipa shilingi 3,200 za betri mpya. Ikawaka siku ile, nadhani kwa sababu nyaya zilivutwavutwa wakati wa kuifunga, na baada ya siku mbili ikarudia “tak” yake. Nikarudi, nikauziwa rilei ya stata, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya kuzungusha injini, kwa shilingi 900. Haikusaidia kitu. Mara ya tatu nikaelezwa kwamba mota ya stata yenyewe imeungua na nyingine ni shilingi 4,500, na hapo nikashika usukani, nikaisukuma pikipiki yangu nje.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda wa stejini kwetu Kisauni, asiye na karakana wala kibao. “Ami, hebu tuulize mita kabla ya kununua,” aliniambia. Betri ikasoma volti 12.6, yaani ilikuwa imejaa. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia nibonyeze. Njia ya umeme ikiwa safi, mita husoma karibu na sifuri, na hata nusu volti ni nyingi. Ilisoma volti 8 na ushee, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa ikipotelea kwenye waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini, badala ya kuizungusha mota. Ili nisiwe na shaka, akachukua waya mwingine mnene, akaunga hasi ya betri na injini moja kwa moja, na stata ikazunguka kama mpya.

Ule waya wa athi kwa nje ulionekana mzima, na bolti yake ilikuwa imekazwa sawasawa. Alipoifungua, chini ya kichwa chake palikuwa na unga wa kijani, kama ule unaoota kwenye sufuria ya shaba iliyosahauliwa na ndimu ndani. Akausugua kwa msasa na brashi ya waya mpaka shaba ikawa nyekundu, akaukaza, akapaka grisi juu yake. Ilikuwa kazi ya robo saa. Alitaka shilingi 200, nikampa 500.

Sitaki kudhulumu. Chumvi ya pwani yetu haina huruma, mimi huvuka kwa feri mara nyingi, na sikuwahi kuiosha pikipiki chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu. Tena karakana ile iliwahi kunifungia breki na mnyororo vizuri sana, kwa bei ya haki. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba wana mikono mizuri na ulimi mbaya, na kwamba kwa kazi za spana mtu anaweza kwenda bila hofu.

Sentensi hiyo nimeifuta, kwa sababu wiki iliyopita nilipita kuulizia betri yangu ya zamani. “Tuliitupa, mzee,” akanijibu bila kuinua kichwa. Pembeni yake palikuwa na pikipiki ya mteja, na chini yake, sakafuni, betri iliyoungwa kwa nyaya mbili ili kuiwasha. Ubavuni mwa betri ile palikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha, ambayo niliipaka kwa mkono wangu siku niliyoinunua. Nikamwonyesha kwa kidole. “Hiyo ni ya karakana,” akasema, akabonyeza kitufe mbele yangu, na injini ikawaka kwa mguso wa kwanza.