Difu ya Explorer kwenye Mustang ya 66: inatosha, au ununue ya inchi 9?

Oya wadau, karibuni tena gerejini. Feni nimeizima ili mnisikie, na Houston mnaijua joto lake, kwa hiyo nikikatiza kufuta jasho mnivumilie.

Wengi mmeniuliza Mustang imepotelea wapi. Difu imekufa, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa tairi. Tazameni hii kraunwili, ile gia kubwa ya duara ya ndani, ngoja nisogeze kamera, hapo, meno matatu hayapo kabisa na la nne limepasuka kwenye shina. Sasa kuna watu waliniambia injini ndiyo imeua, eti injini yangu ya 302, V8 ya Ford, ina hospawa kama 330 na difu ya zamani haiwezi. Hapana jamani. Injini hiyohiyo nimetembea nayo miaka miwili na tairi za kawaida, nikikanyaga zinateleza, zinatoa moshi, basi, difu salama. Nikaja kuvaa tairi laini za dragi, yale mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka, Jumamosi ya kwanza tu naachia klachi, tairi zikang'ang'ania lami, ukatoka mlio kama mtu kadondosha sufuria la pilau kwenye ngazi, injini inanguruma na gari halisogei. Yaani tairi inayoteleza ndiyo fyuzi yako, ukiitoa kipigo chote kinaingia kwenye chuma.

Kwa hiyo kabla hujauliza difu gani, jiulize unavaa tairi gani, na gia ni manyuo au otomatiki. Klachi inapiga ghafla, otomatiki inasukuma kwa upole kidogo.

Hii iliyokufa ni ya inchi 8, hiyo ni kipimo cha kraunwili, na saidi shafti zake, vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi, zina splaini 28, yaani meno ya mwishoni. Mustang nyingi za V8 za 65 na 66 zilitoka nayo. Ila ile injini ya 289 yenye hospawa 271, Ford wenyewe waliifunga difu ya inchi 9 kutoka kiwandani, kwa hiyo walijua.

Inchi 9 basi. Ilitengenezwa 1957 mpaka 1986, na sifa zake sio za uongo. Pinioni yake, gia ndogo inayosukuma kraunwili, imeshikwa na beringi mpaka puani, haikimbii kraunwili ukikanyaga. Kichwa chake, yaani pinioni na kraunwili pamoja, kinatoka chote kwa mbele, wale mliofanya kazi na Hailaksi nyumbani mnaelewa, unatoa propela, ile shafti ndefu ya kutoka gia boksi, unavuta saidi shafti, unafungua nati, umebeba. Unaweza kuwa na vichwa viwili, kimoja cha barabarani kimoja cha mashindano. Lakini pinioni imekaa chini sana, meno yanasuguana zaidi, kuna nguvu inaliwa hapo na joto linapanda. Na mpya iliyokamilika, na breki zake, inakuvusha dola 3,000 bila huruma.

Sasa hii ndiyo mpenzi wangu. Difu ya inchi 8.8 kutoka Ford Explorer, nimeitoa yadi ya skrepa kwa dola 250, kutu ya juu juu tu. Tafuta za 1995 mpaka 2001, hizo zina breki za disiki na saidi shafti za splaini 31. Tundu za tairi ni tano, kipimo kilekile cha Mustang ya V8, rimu zako zinaingia. Njoo uone hiki kibati kidogo kwenye bolti ya kifuniko, nimekipiga brashi ya waya: 3L73. Hiyo L katikati ndiyo unayoitaka, maana yake ni LSD, tairi zote mbili zinavuta. Isipokuwepo L ni difu ya kawaida, shusha bei au endelea kutafuta.

Kasoro zake sasa. Pinioni haiko katikati, paipu moja la kupitisha saidi shafti ni refu kuliko lingine, kwa hiyo unakata lile refu karibu inchi 3 na unatumia saidi shafti fupi pande zote mbili, ya pili unaitoa kwenye Explorer nyingine. Paipu zimesukumwa tu kwenye hauzingi, ganda la difu, zikawekwa nukta za weldingi, zizungushie weldingi yote, ukiziacha zitakuja kujizungusha. Flenji ya propela haifanani, utahitaji adapta. Vikalio vya springi pia kata uweke vipya, na usivichomelee gari likiwa juu ya jeki! Shusha uzito wote kwenye springi, pima pembe ya pinioni, ndiyo uchome. Mimi kuna gereji iliwahi kunichomelea gari likining'inia, propela ikatetemeka kuanzia spidi 80 na hela sikurudishiwa.

Na kingine, saidi shafti za 8.8 zimeshikwa na klipu ya C ndani ya difu. Shafti ikikatika, tairi inaweza kutoka na kipande chake. Inchi 9 imeshikwa nje, mwisho wa hauzingi. Ndiyo maana NHRA, chama cha dragi cha Marekani, robo maili ukishuka mpaka sekunde 10.99 hawakuruhusu na klipu za C.

Resho 3.73, ndiyo ile 3L73, yaani propela inazunguka mara 3.73 tairi ikizunguka mara moja: kwa gia nne na tairi ya inchi 26, kwenye kilomita 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Inapiga kelele, mke wangu amegoma kwenda Dallas nayo. Ukiwa na gia ya tano ya 0.68 inashuka kama 2,000, hapo mnaongea.

Mimi nabaki na 8.8. Gari langu ni la barabarani na dragi mara mbili kwa mwaka, na tairi laini nimeshaziuza. Ungekuwa na hospawa 500 na klachi, ningekwambia usinisikilize, kalipe inchi 9. Haya, nimeshachora mstari kwenye paipu kwa chaki, punguzeni sauti, nawasha grainda.